Kufuli la Pili

Kufuli la mama mmoja muuza vitumbua lilikuwa dogo, la rangi ya shaba, limeanza kushika kutu pembeni. La pili lilikuwa kubwa, jeusi, jipya kabisa, limepitishwa kwenye pete zilezile za mlango wakati yeye amepeleka mchele mashineni. Saa nne na nusu asubuhi alirudi na ndoo kichwani, akakuta mlango una makufuli mawili na ufunguo alio nao ni wa moja.

Mle ndani kulikuwa na kikaango chake cha vitumbua, sare ya shule ya binti yake wa darasa la tano, vidonge vyake vya presha, na shilingi elfu kumi na nane alizozifunga kwenye pindo la kanga. Kodi ilikuwa imeisha siku kumi na moja nyuma. Hakuwa amegoma kulipa. Alikuwa na kodi ya miezi miwili mkononi, akaipeleka mara mbili, ikarudishwa mara mbili, kwa sababu mwenye nyumba alitaka ya miezi sita.

Alikuja kwangu akiwa bado na ile ndoo. Mtaani kwetu Tandale, Dar es Salaam, wananijua kuwa ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mimi si wakili. Naandika barua, nawasindikiza watu ofisi ya serikali ya mtaa, nawasomea karatasi walizotia saini bila kusomewa. Na mimi ni mpangaji. Tangu nizaliwe sijalala hata usiku mmoja katika nyumba ambayo mama yangu au mimi tunaweza kusema ni yetu. Kabla sijamaliza darasa la saba tulikuwa tumehama mara saba, zote ndani ya Manzese, Tandale na Mwananyamala. Nilijifunza kuijua kalenda kwa sauti ya mama. Mwezi wa sita ukikaribia anaanza kusema kwa kunong'ona, anazima redio, na sisi tunaacha kuomba hela ya daftari. Mwezi wa kumi na mbili hali ni ileile. Watoto wenzangu walikuwa wanangoja Krismasi na nguo mpya. Mimi nilikuwa nangoja kusikia kama tunabaki.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu kodi ya miezi sita, siandiki habari ya kusimuliwa.

Anayeishi Dar es Salaam anaijua hesabu hii, lakini naomba tuifanye tena polepole, maana tumeizoea mno hadi hatuioni. Chumba cha huyu mama kilikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa siku ni kama 1,700. Siku biashara ikiwa nzuri vitumbua humwachia elfu nane, siku mbaya elfu nne. Ukimwambia akulipe 1,700 kila jioni, atakulipa mwaka mzima na hutamgongea mlango hata siku moja. Lakini hakuna anayemwomba 1,700. Anaombwa 300,000 kwa mkupuo. Na kama ni chumba kipya, kuna kodi ya mwezi mmoja ya dalali, 50,000. Kuna 10,000 ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata ukikuta chumba chenyewe hakina dirisha. Kuna gari la kuhamisha vitu, 40,000. Jumla laki nne, kabla hajanunua hata kiberiti cha kuwashia jiko katika nyumba hiyo mpya.

Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwandani na kwenye biashara kuwa 150,000 kwa mwezi. Maana yake chini ya amri hiyo mtu mwenye ajira rasmi, mwenye mkataba, alihitaji zaidi ya mishahara miwili na nusu ambayo haijaguswa na chakula, nauli wala dawa, ili aingie kwenye chumba kimoja chenye choo cha nje. Mama muuza vitumbua hana hata hiyo ajira.

Basi hupatikana wapi hiyo laki tatu? Mwaka uliopita aliipata kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Alichukua 300,000, akarejesha 390,000 kwa miezi mitatu, kila wiki, akikosa wiki moja wanakuja watu wawili kukaa barazani mpaka jioni. Piga hesabu uone. Chumba cha 50,000 kilimgharimu 65,000 kwa mwezi, na hizo 15,000 za juu hazikumfikia mwenye nyumba wala hazikupaka chokaa ukuta wowote. Zilikwenda kulipia neno moja tu: mkupuo.

Nimeamini kwa miaka sasa kwamba tatizo la kwanza la makazi ya watu wa kipato cha chini katika jiji hili ni namna kodi inavyodaiwa, hata kabla ya kiasi chake. Nyumba ni chache, hilo ni kweli. Bei zinapanda, nalo ni kweli. Lakini wengi ninaowasindikiza hawakushindwa kodi ya mwezi. Walishindwa siku moja ya mwaka, ile ya kutoa miezi sita. Siku hiyo ikikukuta mtoto ameugua au umetoka kuzika, umekosa makao.

*

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimwita mwenye nyumba mchana uleule. Nilimtarajia mtu wa namna fulani, na aliyekuja hakuwa huyo. Alikuja mzee mwembamba, mstaafu wa kiwanda, amevaa kandambili, ameshika daftari la shule lenye jalada la bluu. Yule mama alisimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Keti."

Walikuwa wameishi nyumba moja miaka minne. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili tunayoijua sote, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Mzee na mkewe wanakaa chumba cha kwanza kulia. Vitano vinapangishwa. Alifungua daftari akatuonyesha. Kila ukurasa chumba kimoja, tarehe na kiasi, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyesoma zamani kwa kuchapwa.

"Mimi sina ugomvi na huyu," alisema. "Amepika vitumbua kwenye msiba wa mdogo wangu, hakutaka hela. Lakini choo kimejaa. Kimejaa, mwenyekiti, kinafurika uani. Gari la kunyonya halichukui nusu, linataka hela yake yote siku hiyohiyo. Na fundi anasema shimo limeporomoka, nichimbe jipya. Niitoe wapi?"

Hakuna aliyejibu. Yule mama alikuwa anaangalia sakafu. Choo kile naye ndicho anachotumia.

Nimelirudia swali la yule mzee mara nyingi kichwani. Niitoe wapi? Katika nchi hii ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61, mikopo ya nyumba katika mabenki yote imekuwa ikihesabika kwa maelfu machache. Mabenki yanataka hati, yanataka mshahara, yanataka nyumba iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa. Tandale haikupimwa namna hiyo. Ilijijenga, tofali kwa tofali, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mzee mwenye nyumba ya vyumba sita Tandale hana benki ya kumkopesha milioni moja na nusu ya shimo la choo. Kwa hiyo huikopa kwa wapangaji wake, miezi sita mbele, bila riba, na wao huenda kukopa kwa kausha damu wenye riba. Ukifuatilia ile hela mpaka mwisho wake unakuta kwamba fukara kuliko wote katika nyumba ndiye anayeikopesha nyumba nzima.

Hilo ndilo jambo ambalo wanaopigia kelele wenye nyumba hawalisemi, na wanaowatetea wenye nyumba hawalisemi pia. Ukimkataza yule mzee kuchukua miezi sita bila kumwonyesha pengine pa kupata hela ya choo, choo kitafurika na wapangaji watano wataugua kipindupindu. Tandale imewahi kuzika watu wa kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa. Ukimwacha aendelee kuchukua, kila baada ya miezi sita mtu mmoja katika nyumba hiyo atakuta kufuli la pili.

*

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wanakumbuka kwamba kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, na kulikuwa na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji angeweza kwenda kulalamika kodi imepandishwa kupita kiasi au anatolewa bila sababu. Sheria ile iliweka kodi ya kiwango, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mtu kwa utashi wake tu. Ilifutwa mwaka 2005.

Sitaisifu kuliko inavyostahili. Kodi zilipobanwa, wenye nyumba waliacha kukarabati, na katika nyumba za mjini ukazuka ule mtindo wa kilemba, ambapo anayeondoka anamuuzia anayeingia haki ya kukaa kwa hela nyingi za pembeni. Maskini hakuwa na kilemba. Lakini kuifuta bila kuweka kitu mahali pake ilikuwa ni kung'oa mlango kwa sababu bawaba zinalia. Tangu hapo mpangaji wa nyumba ya kuishi amebaki na Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoandikwa kwa ajili ya mambo makubwa ya ardhi, na ndani yake kuna masharti mazuri kuhusu upangaji ambayo sijamkuta mpangaji hata mmoja wa Tandale aliyewahi kusomewa. Inasema mpangaji akae kwa utulivu bila kubughudhiwa. Inasema nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Inasema anayelipa kwa mwezi apewe taarifa isiyopungua mwezi. Haisemi popote kwamba ni kosa kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka. Na Katiba yetu ya 1977 inalinda mali ya mwenye mali, lakini haki ya makazi haijatajwa kwa jina.

Katika kesi ya huyu mama, ukweli ni kwamba sheria ilikuwa nyembamba. Miezi sita ilikuwa imekwisha, hela mpya haijapokelewa, karatasi waliyoandikishana ilikuwa nusu ukurasa na haikusema lolote juu ya nini kitatokea mwisho wa muda. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Wakishindwa kusuluhisha ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ya wiki na miezi. Sare ya mtoto iko ndani na kesho ni Jumanne, siku ya mtihani.

Wenzetu wamejaribu. Uganda walipitisha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022. Kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa, na kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya, Katiba yao ya 2010 imeandika haki ya makazi katika ibara ya 43, na mpangaji wa Nairobi kwa kawaida hulipa mwezi kwa mwezi na kuweka amana. Si kwamba Nairobi ni peponi. Sheria yao ya kudhibiti kodi inawalinda wanaolipa isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya, kiwango cha zamani, ambacho leo hakifikishi mtu mbali, na mafuriko ya 2024 yalipopita matingatinga yaliingia Mathare. Lakini ninapoambiwa kwamba kodi ya mwezi kwa mwezi haiwezekani Afrika Mashariki, kwamba wenye nyumba wataacha kujenga, nauliza Nairobi wamejengaje.

Hapa kwetu viongozi wamelisema jambo hili hadharani zaidi ya mara moja, kwamba kudai kodi ya mwaka ni kuwaumiza wananchi na kwamba sheria inakuja. Nimekuwa nikisikia inakuja tangu binti wa yule mama hajaanza shule.

*

Jioni ile mwenyekiti alimsihi mzee afungue. Alifungua. Tulitoa vitu kwa taa ya simu, godoro, ndoo tatu, jiko la mkaa, kikaango, fuko la nguo, picha ya ndoa yenye kioo kilichopasuka kona. Binti alibeba begi lake la shule kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Mzee mwenyewe alisaidia kubeba godoro. Nalisema hili kwa kuwa niliona, na kwa kuwa sitaki mtu asome hapa adhani kwamba kulikuwa na shetani ndani ya nyumba ile.

Usiku huo walilala barazani kwa jirani. Siku ya tatu wakaenda Mbagala kwa dada yake, mwenye chumba kimoja na watoto watatu.

Kwa Kiswahili tunasema wamekwenda kujishikiza. Ni neno ambalo nadhani wanaopanga mipango ya miji wanapaswa kulikalia kitako. Anayejishikiza hahesabiki popote kuwa hana makao. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, wakati wa sensa, makarani walipita vituo vya mabasi na barazani kuhesabu wanaolala nje, na walifanya vizuri. Lakini mama na binti waliolala kwa dada Mbagala wangeandikwa tu kuwa ni watu wa kaya ile. Kaya ya watu sita. Hakuna ambaye angeandika kwamba watoto wanne walilala godoro moja mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, na kwamba dada mtu naye ni mpangaji, mkataba wake unakataza wageni wa zaidi ya wiki, kwa hiyo mama alikuwa anatoka saa kumi alfajiri na kurudi usiku ili asionekane.

Ndiyo maana wageni wakija Dar es Salaam husema hatuna watu wengi wasio na makao. Wanatafuta mahema kando ya barabara. Waliokosa makao wapo ndani, nyuma ya mapazia yanayogawa chumba, kwenye maduka wanayolinda usiku ili wapate pa kulala, kwenye vibanda vya mama lishe vikishafungwa. Undugu wetu umewaficha. Undugu huo ndio uliotuokoa, mama yangu na mimi, mara mbili, na sitausema vibaya mpaka nife. Lakini undugu nao una mkataba unaoisha. Nimeona dada na mdogo wake wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya miezi mitatu katika chumba cha futi kumi kwa kumi.

Binti aliendelea na shule Tandale, maana uhamisho unataka karatasi na karatasi zinataka anwani. Mbagala hadi Tandale ni daladala mbili. Makondakta hawapendi wanafunzi, wanaziba mlango, wanasema wanafunzi wametosha. Alikuwa anatoka saa kumi na moja kasoro alfajiri. Mwalimu wake alinipigia simu kuuliza kama mtoto anaumwa, maana analala darasani.

*

Kuna jambo dogo ambalo huwa nalitaja kwenye mikutano ya mtaa, na watu huinua vichwa, kwa sababu linaonyesha jinsi mpangaji asivyoonekana hata serikali inapokuwa na nia njema. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka uliofuata ikawa 1,500. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, sheria ndivyo inavyotaka. Lakini anayenunua umeme ni nani? Ni mpangaji. Ilielezwa kwamba wapangaji wakubaliane na wenye nyumba wao warudishiwe. Ukiwa na mwenye nyumba anayeweza kukutoa kwa kufuli, utaanzia wapi kumdai 1,500? Katika nyumba ya yule mzee, vyumba vinachangia mita moja, kwa hiyo kila mwezi anayefika wa kwanza kununua ndiye anayekatwa. Walikuwa wanategeana. Wiki nzima nyumba inakaa giza kwa sababu kila chumba kinangoja mwenzake aanze.

Ni shilingi 1,500. Wanaoishi nyumba zao wataona ni ndogo. Lakini hakuna aliyeuliza mpangaji yuko wapi kwenye mpango ule, na ndivyo ilivyo kwenye mengi. Barabara ikipanuliwa, mthamini huja na daftari lake, na kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinamhesabia anayepoteza nyumba posho ya makazi ya kodi ya miezi 36. Ni haki yake, apewe. Aliyekuwa amepanga chumba cha tatu kushoto kwa kawaida hayumo kwenye daftari lile.

Nikitaka kujipa moyo huwa nakwenda Magomeni Kota. Zile kota za zamani zilipobomolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita, kaya 644 zilitawanyika. Zilisubiri. Zilifanya vikao, ziliandika barua, zilikataa kusahaulika. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba watarudi na watakaa miaka mitano bila kodi, kisha wauziwe. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, nyumba 644, kwa kaya 644. Idadi ni ileile. Mimi hukaa kwenye benchi pale nje nikaangalia nguo zinavyoanikwa kwenye vibaraza vya juu na kufikiri kwamba inawezekana. Iliwezekana kwa sababu watu wale walikuwa na karatasi, majina yao yalikuwa kwenye orodha ya serikali, na mtu hawezi kufuta orodha kirahisi. Mpangaji wa chumba cha Tandale hana orodha. Ana daftari la bluu la mwenye nyumba, basi.

Kwa hiyo nataka tuanze na karatasi. Nataka sheria ya upangaji wa nyumba za kuishi, iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mama muuza vitumbua atakisoma mwenyewe, inayosema kodi ni ya mwezi, na anayetaka amana asizidishe mwezi mmoja. Nataka kufuli juu ya mlango wa mtu, bila amri ya baraza, liwe kosa, na mwenyekiti wa mtaa awe na uwezo wa kuamuru lifunguliwe siku hiyohiyo badala ya kusihi. Nataka mabaraza ya kata yarudishiwe meno kwa mashauri haya madogo ya kodi. Nataka Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962 wakati nchi ilikuwa na hela chache kuliko leo, lijenge tena vyumba vya kupangisha watu wa vitumbua na bodaboda. Kuuza nyumba za mamilioni kwa wenye mamilioni kunaweza kufanywa na wengine.

Na nataka yule mzee apate mkopo wa choo. Nalisema kwa uzito uleule. Halmashauri zina mifuko ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwenye nyumba ya vyumba sita anayekubali kutoza kodi ya mwezi kwa mwezi kwa mkataba uliosajiliwa mtaani, kwa nini asiwe na mfuko wake, arejeshe kidogo kidogo kwa hiyo kodi inayoingia kila mwezi? Hela ya choo ingetoka kwa halmashauri, na kausha damu wangekosa mteja mmoja.

*

Alikaa Mbagala miezi minne. Sasa amepata chumba Chamazi, kwa mama mjane aliyekubali kodi ya miezi miwili miwili baada ya mimi na mjumbe kwenda kukaa naye mara tatu. Mkataba tumeuandika kurasa mbili, nakala moja ninayo. Kuna kipengele cha taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi. Kuna kipengele kwamba hakuna atakayefunga mlango wa mwenzake. Yule mjane alikisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwani kuna watu wanafanya hivyo?" kisha akatia dole gumba.

Binti yuko darasa la sita, shule ya huko huko. Kikaango kinafanya kazi, nimekula vitumbua vyake Jumapili iliyopita. Kile chumba cha Tandale kilipata mpangaji mwingine ndani ya wiki mbili, kijana mwenye bodaboda, alilipa miezi sita. Nilipita pale juzi. Choo kimechimbwa upya. Kijana alikuwa amekaa barazani anapiga hesabu kwenye simu, akaniita, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye ninayeandika zile barua. Kodi yake inaisha mwezi ujao, tarehe 14.